Ndege ya Uani: Maisha ya Fundi Pandisha

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliokuja na ovaroli zenu, mnaombwa mtulie kidogo. Maisha ya mtu hayaenei kwenye karatasi, lakini yanayoenea yatasomwa, na yatakayobaki mtasimuliana njiani mkirudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mama yake alikuwa akipeleka maziwa nyumba kwa nyumba. Jina la cheti alilitumia benki na hospitalini tu. Mtaani, kazini na hata ndani ya nyumba yake aliitwa Pandisha, na sababu yake itafika kwa zamu yake. Tangu anatambaa alikuwa mtu wa kupanda. Mama yake alikuwa akisema, huyu ukimtafuta chini umepoteza muda, inua macho. Siku moja alipanda juu ya bati ili aone moshi wa kiwanda unaishia wapi. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Aliondoa ngazi, akaenda zake na maziwa. Aliporudi alimkuta mtoto amelala juu ya bati, kajifunika gunia, kama mpangaji aliyelipa kodi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu la mkuu hakulisikia na guu lake likabaki zima mpaka mwisho. Walioteguka ni ndugu zake waliosikia.

Alianza shule mwaka 1957, ile shule ya karibu na tangi la maji. Hakuwa mjinga wala hakuwa wa kwanza. Hesabu alizipenda kwa sababu hazibishani, na kuchora alikuwa hodari, ila kila alichochora kilikuwa na magurudumu. Mwaka 1964 baba yake aliumia mgongo kazini, na marehemu akaacha shule akashika brashi ya rangi. Hakulalamika, lakini hakuiacha elimu iende hivi hivi. Kwa miaka mitatu alisoma masomo ya jioni ya ufundi wa umeme, akapata cheti chenye muhuri. Cheti hicho alikitundika chooni. Alipoulizwa kwa nini, alisema huko ndiko mtu anapata nafasi ya kusoma kwa utulivu.

Mwaka 1967 aliajiriwa na kampuni ya lifti, akiwa msaidizi wa msimamizi mmoja mzee, mtu mkali mwenye sauti nyembamba. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kazi ya kijana ilikuwa kukaa chini kabisa ya shimo la lifti na kupaza sauti kwa aliye juu kwenye mota: "Pandisha." Shimo la lifti lina mwangwi, na ghorofa zote nane zilisikia. Ndani ya mwezi mmoja hakuna karani wala mfagizi aliyemwita jina lingine.

Yule msimamizi alimfundisha kanuni moja, na marehemu aliishika kuliko hata zile za dini. Kanuni yenyewe ni hii: fundi hupanda kwanza. Lifti ikishatengenezwa, hakuna abiria kutia mguu mpaka aliyeitengeneza amepanda mwenyewe, toka chini hadi juu na kurudi. Kama umekosea, ukosee ukiwa ndani. Kwa miaka thelathini na saba marehemu aliifuata. Aliwahi kumzuia bwana mkubwa mmoja mlangoni, mtu wa gari na dereva, akamwomba apunge upepo kidogo, yeye akapanda, akashuka, akamfungulia kwa heshima. Aliwapandisha wagonjwa, maharusi, majeneza, na safari moja mbuzi wa mtu aliyekaa ghorofa ya saba. Na kadiri mwaka wa kustaafu ulivyokaribia, alikuwa akisema neno ambalo wengi wenu mmelisikia kwa kinyozi:

"Maisha yangu yote napandisha watu juu. Juu kwenyewe sijafika. Mimi nafika kwenye dari."

Tumekimbia mbele. Ndoa ilikuwa kabla ya hapo. Mwaka 1974 lifti ya jengo la simu ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani yake alikuwemo opereta wa simu, mwanamke mwembamba, mfupi, aliyebeba chupa ya chai. Marehemu aliteremka juu ya paa la lifti, akaanza kuzungumza naye kupitia bati. Alizoea watu waliokwama: wapo wanaolia, wapo wanaotukana, wapo wanaoahidi sadaka. Huyu alimwambia kwa ile sauti yake ya kazini, "Subiri kidogo, fundi, namalizia chai." Wakazungumza mpaka lifti ikatoka. Kwa hiyo walijuana sauti kabla ya sura, na marehemu alikiri baadaye kwamba mlango ulipofunguka aliogopa kumtazama, maana sauti ilikuwa imeshamaliza kazi, na sura ingeweza tu kuiharibia. Haikuharibu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti, kisha mwana wa kiume. Walikaa katika nyumba ile ile mnayoifahamu, yenye ua mrefu na jiko la pembeni, miaka yote arobaini na sita.

Sasa ndege.

Alistaafu mwaka 2004. Mwaka mmoja alikuwa anatengeneza redio za watu na kuharibu zake. Kisha siku moja, akisubiri zamu kwa jirani yetu kinyozi, alifungua gazeti la picha la zamani lisilo na jalada, akaona kwamba ziko kampuni zinazouza ndege ya watu wawili ikiwa vipande vipande ndani ya makasha, na mnunuzi anaiunga mwenyewe nyumbani. Alilisoma mpaka kichwa chake kikapita zamu. Kinyozi alimwambia hiyo ni biashara ya watu waliochoka kuishi. Marehemu akamjibu kwamba lifti ni hiyo hiyo, ila hii haina shimo.

Mkewe alipoelezwa hakucheka. Aliuliza swali moja, kwamba itakaa wapi. Akaambiwa uani. Akasema sawa, lakini jiko lisiguswe. Mwaka 2006 makasha yalifika kwenye lori, na wiki ya pili jiko likaguswa. Mwezi wa tatu bawa la kwanza lilikuwa sebuleni, limening'inizwa juu ya makochi kwa sababu uani kulikuwa na mvua. Wageni walikunywa chai chini yake. Mkwe wa nyumba ile alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, alisimama kwa adabu kumpa mkono baba mkwe na akagonga paji la uso kwenye ncha ya bawa. Marehemu aliruka kwenye kiti, akaliangalia bawa, akalipapasa, akaona halina bonde, ndipo akamuuliza kijana kama ameumia. Kijana akasema hapana. Ndoa ikapita.

Kwa wasiojua, ndege ya namna ile ni mabati mepesi yaliyounganishwa kwa ribiti, vile vijipini vya chuma, maelfu kwa maelfu. Ribiti haikai kwa mtu mmoja. Mmoja anasimama nje na nyundo ya upepo, na mwingine yuko upande wa pili wa bati ameshikilia kipande cha chuma kizito, ili ribiti ikigongwa huku ijikunje kule. Marehemu alikuwa mpana, kwa hiyo nyundo ikawa yake. Mkewe ndiye aliyeenea ndani. Miaka saba mama yule, ambaye naye alikuwa amestaafu, aliingia kwenye mkia wa ndege akitambaa, na chuma mkononi na taa kichwani, akashika ribiti moja baada ya nyingine. Kwa kuwa wote waliziba masikio kwa sababu ya kelele, waliwekeana ishara za kubisha kwenye bati. Kubisha mara moja, niko tayari. Mara mbili, imekaa. Mara tatu, mbovu, ing'oe. Baadaye ikabidi waongeze ya nne: nimebanwa, nitoe.

Ndivyo walivyofanya lile kosa lao maarufu. Mkia wa ndege una mapezi mawili, la kulia na la kushoto, yanayofanana kama viatu vya jozi moja. Walikuwa wakifanya kazi uso kwa uso, bati katikati. Marehemu akisema tuanze kulia, mkewe naye alianza kulia, kulia kwake. Walipomaliza pezi la pili na kuliweka mezani kando ya mwenzake, waliyageuza huku na huku. Walikuwa wamejenga mapezi mawili ya kushoto. Mkewe ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema labda kuna mtu mahali fulani amejenga mawili ya kulia, tumtafute. Pezi la ziada likawa rafu ya vikombe jikoni, na lipo mpaka leo. Tangu siku ile neno kulia na neno kushoto yalipigwa marufuku uani. Wakawa wanasema upande wa jikoni na upande wa kinyozi, maana kinyozi anapakana nao, na hapo hawakukosea tena.

Mkaguzi kutoka idara ya ndege alikuwa akija kukagua kila kipande kabla hakijafungwa. Alikuwa mtu mpole, akivua viatu mlangoni. Mara ya kwanza alimwona marehemu na nyundo, akamuuliza mwenzako yuko wapi. Marehemu akabisha kwenye bati. Mama akatoka kinyumenyume kwenye mkia, nywele zimejaa vumbi la bati, akamsalimia mkaguzi na kumuuliza kama anatumia sukari. Mkaguzi yule aliandika vizuri siku ile, na siku zote zilizofuata.

Mwaka 2013 ndege ilikamilika. Mwana wao, ambaye ni dereva wa lori, aliipakia, kiwiliwili peke yake na mabawa peke yake, na mtaa mzima ukaisindikiza mpaka barabara kubwa. Ilipelekwa kwenye uwanja wa ndege ndogo, ikapangishiwa nafasi katika banda. Nyumbani pakawa na mwangwi. Marehemu alikuwa ameshajifunza urubani kidogo kidogo kwa miaka ile, katika ndege ya mwalimu mmoja wa pale uwanjani, na kilichobaki kilikuwa kupimwa afya tu, apate leseni, apande. Jambo alilolitaka lilikuwa moja: kupanda kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kisichofungwa kamba, kiende kule anakotaka yeye. Jambo hilo lilikuwa umbali wa kipimo kimoja cha daktari.

Daktari alimsikiliza moyo mara mbili, kisha akaita mwenzake naye akasikiliza. Wakamwambia moyo wake unaruka mapigo. Marehemu akauliza kama unaweza kubadilishiwa kamba. Walicheka, lakini hawakuandika. Wakampa vidonge, na kuhusu kurusha ndege wakasema hapana, si mwaka huu wala ujao.

Alirudi nyumbani akanywa maji, akakaa. Siku zilizofuata alikwenda uwanjani akaifunika ndege kwa turubai, akafunga kamba kwa ustadi kama mtu anayefunga mzigo wa kwenda mbali, na hakurudi tena huko kwa miezi. Watu walimshauri auze. Kinyozi, mtu aliyeipinga tangu mwanzo, ndiye peke yake aliyemwambia asiuze, na alipoulizwa sababu alisema hana. Marehemu hakuuza wala hakuizungumzia. Akarudia redio za watu. Hapo ndipo sisi ndugu tulipoogopa, maana mtu huyu alikuwa amekaa chini, na hatukuwahi kumwona amekaa chini.

Aliyemwinua ni mkewe. Walikuwa jikoni, mke anaosha vikombe, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe ameyarudia kwetu jana ili yaandikwe sawasawa.

"Mle ndani ya mkia," alimuuliza, "nani alishika chuma?"

"Wewe."

"Kwenye mabawa?"

"Wewe."

"Basi fundi wake ni wawili. Mmoja daktari amemkataza. Mwingine hajaulizwa."

Marehemu alidhani ni utani, na alikuwa akipenda utani wa mkewe, akacheka. Wiki iliyofuata mama akapimwa. Moyo wake, walisema, ni wa msichana.

Kikao cha familia kiliitwa Jumapili. Binti yao alikuja na sura ya msiba kabla ya msiba. Alisema Mama una miaka hamsini na tisa, na gari lenyewe hujawahi kuendesha. Mama akajibu ndiyo maana hana tabia mbaya za barabarani. Binti hakucheka. Alisema kwa upole, na hapa inasemwa kwa ruhusa yake, kwamba yeye hana shida na ndege, ana shida na kubaki na mzazi mmoja mgonjwa na mwingine picha ukutani. Kisha akamgeukia baba yake: "Baba, wewe ndiye fundi. Sema."

Kila mtu alidhani anajua upande wake. Marehemu akainamisha kichwa, akasema, "Mimi sitaki apande."

Alieleza polepole kwamba maisha yake yote hajawahi kumtanguliza mtu kwenye kitu alichokitengeneza yeye. Hajamtanguliza bwana mkubwa, hajamtanguliza mbuzi, na hataanza na mkewe. Kama kuna ribiti moja iliyokaa vibaya, imkute yeye.

"Ribiti iliyokaa vibaya," mkewe akasema, "ningeibisha mara tatu."

Akaongeza kwamba kama walitaka kumkataza wangemkataza miaka saba iliyopita alipokuwa akiingia kwenye mkia kwa magoti, si leo alipotoka. Na akasema jambo la mwisho, si kwa ukali: kwamba yeye hapandi ili aonekane. Anapanda ili baada ya hapo ampandishe mwenzake, na kwamba hii ndiyo njia pekee iliyobaki. Binti alichukua mkoba wake. Alisema hatawazuia, lakini mguu wake hautakanyaga uwanja ule, na kwenye ndege ile hatapanda kamwe. Aliondoka akiwa amewabusu wote wawili.

Mwalimu wa urubani alikuwa kijana wa kumzaa. Alianza kumwita mama, akaishia kumwita kapteni. Alisimulia kwamba mwanafunzi wake alikuwa na matatizo mawili tu. La kwanza ni redio. Mama yule aliunganisha simu za watu kwa miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa tamu hata marubani wengine walinyamaza kusikiliza. Lakini mnara wa kuongozea ndege ulipomwita ghafla, mazoea yalimshinda, akajibu, "Subiri kidogo, nakuunganisha." La pili ni kugeuka. Akiambiwa ageuke kulia alisita, akatafakari jiko liko wapi, ndipo akageuka, na siku zote aligeuka sawa. Mtihani wa hali ya hewa alianguka mara moja, akarudia, akapita. Marehemu kwanza hakwenda kutazama. Kisha akawa anakwenda kukaa nje ya uzio, kwenye kiti cha kukunja, akisema anapita tu. Mwishowe akaingia ndani ya uzio, akaitoa ile turubai kwa mikono yake.

Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 2015, asubuhi, upepo mdogo. Wiki nzima kabla yake marehemu alikuwa ameikagua ndege upya, ribiti kwa ribiti, ingawa mkaguzi alishapitisha. Hakuona kasoro hata moja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana fundi akiona kasoro hutulia. Mkewe alipokaa ndani na kujifunga mkanda, marehemu alimwinamia dirishani.

"Ukisikia mlio usioujua, shuka."

"Na wewe ukisikia mlio usioujua huko chini," mkewe akamwambia, "usinipigie redio. Nitakuwa na kazi."

Marehemu alikaa juu ya dumu tupu, redio ndogo mkononi, kinyozi kando yake ameshika kofia. Ndege ilikimbia, ikawa nyepesi, ikaacha ardhi. Marehemu hakushangilia. Midomo ilikuwa inatembea, na kinyozi, aliyekuwa karibu, anasema hakuwa anaomba dua, alikuwa akitaja sehemu za ndege moja moja kwa mpangilio, toka pangaboi mpaka mkiani. Ndege ilizunguka uwanja. Redioni ikasikika ile sauti ikitangaza kwa utulivu kwamba sasa inageuka upande wa jikoni. Mnara ukaomba arudie. Akarudia kwa lugha yao. Ilipokuja kutua iligusa ardhi, ikaruka kidogo kama kuku anayevuka mfereji, ikagusa tena, ikatulia. Marehemu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alifika kwenye ndege mwisho, baada ya kila mtu, na ndege yenyewe hakuitazama kabisa. Alimshika mkewe mikono yote miwili, ile iliyoshika chuma.

Sheria inataka ndege ya namna ile iruke saa za majaribio bila abiria. Zilichukua miezi. Kisha mwezi Mei 2016, abiria wa kwanza akapandishwa. Alivaa koti la harusi yake, ambalo halikufunga. Sisi tulitegemea atasema jambo kubwa huko juu, na tulimwuliza mkewe aliposhuka. Mkewe alisema kwanza alinyamaza mpaka akauogopea moyo wake. Kisha walipopita juu ya mji, marehemu akabandika uso kwenye kioo. Alikuwa ameona vile vibanda vidogo juu ya mapaa ya majengo marefu, vyenye mota za lifti. Miaka yote aliviona kwa ndani, akiwa amelala chali na spana. Sasa aliviona kwa juu, vyote, vimetawanyika juani kama maboksi ya viatu, na kila kimoja alikijua. Kile cha benki, mota nzuri. Kile cha hospitali, breki nzito. Kile cha jengo la simu, akakionyesha kwa kidole. Alipoona bati la kimoja limetoboka alihamaki, na Jumatatu asubuhi aliipigia kampuni yake ya zamani kuwaambia mvua inaingia kwenye mota. Wakamuuliza amejuaje. Akasema alikuwa anapita.

Baada ya hapo walipanda Jumamosi nyingi. Binti yao hakuja, na marehemu hakumsihi hata siku moja. Alisema hofu ya mtoto kwa mzazi ni deni la mapenzi, haidaiwi kwa nguvu. Kila walipotua alimpigia simu, neno moja, "Tumeshuka," na binti alijibu, "Haya, Baba." Mazungumzo mengine waliyafanya siku nyingine.

Mwishoni mwa mwaka 2021 moyo ulichoka. Mwezi Februari mwaka huu alilazwa, ghorofa ya sita. Hakuwa mgonjwa msumbufu, ila alilalamikia lifti. Akiwa amelala aliisikia inapopita, akasema beringi yake inaomba grisi, mpaka mhudumu mmoja akamwita fundi ili mzee atulie. Fundi aliyekuja alikuwa amefundishwa kazi na marehemu mwenyewe. Walizungumza beringi saa nzima kando ya kitanda, na daktari alipopita aliruhusu, akisema dawa ni dawa. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 3 Machi 2022, asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Mkewe alikuwa upande mmoja wa kitanda na binti yake upande mwingine. Hakuteseka, na alikuwa ameshakunywa chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wa lifti, watu wa uwanjani, na kinyozi, ambaye alimnyoa mpaka siku za mwisho na hakukubali shukrani.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, mkwe mmoja mwenye paji gumu, wajukuu wanne, ndugu watatu waliobaki kati ya saba, na ndege moja yenye afya njema. Kuhusu hiyo ndege, wengi mmeuliza wiki hii kwa kunong'ona kama itauzwa. Jibu limepatikana jana. Mama na binti walikuwa chumbani wanakunja nguo za marehemu, wakafika kwenye lile koti. Binti alilishika muda, kisha akauliza, "Mama, kile kiti cha pembeni sasa ni cha nani?" Mama akasema ni cha anayetaka. Binti akaendelea kukunja. Alipofika mwisho wa rundo akasema, "Basi tusubiri msiba uishe. Jumamosi ya kwanza, unichukue mimi." Mama akamwambia aje na sweta, huko juu kuna baridi.

Fundi Pandisha, kazi yako imekaguliwa na imepita. Pumzika sasa, na amani ikupokee.